Saini Kumi na Moja za Katibu

Hata wanawake waliojifungulia mikononi mwake walimwita Katibu. Alikuwa mkunga, na alikuwa mwalimu wetu katika chuo kidogo cha wauguzi wakunga wa vijijini, wilayani Biharamulo, chuo ambacho siku hizi kimefungwa na mabweni yake yamekuwa ghala la pamba. Lakini cheo alichokipenda, cheo kisichokuwa na mshahara wala kiti, kilikuwa ukatibu wa Chama cha Walimu wa Watumishi wa Afya. Kilikuwa na wanachama tisa kutoka Biharamulo na Ngara. Wote tisa kazi yao ilikuwa moja: kufundisha watu ambao baada ya muda mfupi wangeachwa peke yao kijijini na mgonjwa. Katibu alisema walimu wa namna hiyo lazima waangaliane, kwa sababu makosa ya mwalimu wa hesabu yanabaki kwenye daftari na ya kwetu yanazikwa.

Naandika habari zake kwa sababu nilimdanganya, mtu akafa, na yeye akalibeba kosa hilo mbele ya wenzake kwa miaka bila kunitaja. Nimejaribu kuanza mahali pengine, kwenye ucheshi wake, au kwenye wema wake, na kila mara nikajiona nazunguka. Basi lijulikane tangu sasa, halafu nimweleze alivyokuwa.

Alikuwa mfupi, mnene kidogo, mwenye sauti ya chini. Hakupiga kelele wodini. Ukikosea alinyamaza, akarudisha mikono nyuma, akakutazama mpaka ukalitafuta kosa mwenyewe. Mimi, ambaye hata nikifunga mlango hurudi mara mbili kuhakikisha nimeufunga, ukimya huo ulinitesa kuliko matusi. Nilikuwa nikitafuta makosa hata pale ambapo hayakuwepo. Siku moja nilimwomba radhi kwa mambo matatu mfululizo. Akasema, "Nilikuwa nasubiri unipishe nipite."

Ukimsalimia shikamoo asubuhi, kwanza alikuonyesha beseni. Marahaba yake ilikuja baada ya maji na sabuni, na wakati sabuni ilipoadimika, baada ya maji na majivu. Alifika kiongozi mmoja wa siasa wa wilaya, amefuatana na watu wanne, akasema, "Shikamoo, mama." Katibu akamwonyesha beseni.

"Mama, mimi sikuja kumshika mgonjwa."

"Na mkono wako unajua hivyo?"

Yule bwana akanawa. Wale wanne nao wakapanga foleni, wakanawa mmoja mmoja, kalamu zimechomekwa mifukoni, na sisi wanafunzi tukaficha vicheko kwenye aproni.

Ni kiongozi huyohuyo aliyekisumbua chama chake. "Nchi hii ina chama kimoja, mama," alimwambia. "Hiki chenu ni cha nini?"

"Ni cha kuogopa."

"Kumwogopa nani?"

"Kuogopa kuua watu, ndugu."

Akawapa chumba. Kilikuwa ghala la duka la ushirika, ambalo wakati ule halikuwa na kitu cha kuibwa. Walikutana humo kila baada ya miezi mitatu, wamekalia makreti matupu ya soda. Waliotoka upande wa Ngara walishuka kwenye malori pale njia panda ya Lusahunga, wakasubiri gari lingine, na wengine walifika kikao kimekwisha, wakala muhogo wa kuchemsha na kurudi.

Chama kilikuwa na sheria mbili, na zote mbili alizitunga yeye. Ya kwanza ilihusu kitabu cha vitendo. Kila mwanafunzi alikuwa na kitabu chenye orodha ya kazi za mikono: kuchoma sindano, kushona msamba, kumzindua mtoto asiyelia, na nyingine nyingi. Mbele ya kila kazi palikuwa na nafasi ya saini ya mwalimu. Sheria ilisema mwalimu hatii saini ila kwa kazi aliyoiona kwa macho yake, amesimama karibu na mwanafunzi, mkono wa mwanafunzi ndio unaofanya. Ukimweleza Katibu hatua zote kwa ufasaha, alikusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sikukuuliza kama unajua. Nimeuliza kama umefanya."

Sheria ya pili waliiita zamu ya makosa. Kabla ya jambo lolote, kila mwanachama alisimama akasema kosa moja alilolifanya katika ufundishaji tangu kikao kilichopita. Katibu aliliandika kwenye daftari la chama. Hakuna aliyeruhusiwa kumfariji msemaji wala kumkaripia, na hakuna aliyeruhusiwa kurudia kosa la zamani. Nilikuja kuyasikia haya mwenyewe baada ya vita, nilipokuwa mwanachama. Mzee mmoja, mwalimu wa waganga wasaidizi kutoka Ngara, alisimama akasema amefundisha darasa zima kwamba dawa ya kikohozi ya mtoto ni kijiko kimoja, na mwanafunzi mmoja akaenda kijijini akapima kwa upawa wa kugawia mchuzi.

"Mtoto je?" mtu akauliza.

"Alilala siku nzima. Mama yake alikuja kuomba dawa zaidi, alisema hajapata kupumzika hivyo tangu amzae."

Watu walicheka mpaka makreti yakalia. Katibu hakucheka. Aliandika, akainua kichwa, akauliza, "Wangapi wengine wamefundishwa kijiko hicho?" Kicheko kikaisha hapohapo.

Mtu atadhani alikuwa mnyoofu kama rula. Hakuwa. Kumbukumbu za vikao zinaonyesha wanachama tisa wamehudhuria, kila kikao, mwaka hadi mwaka, hata masika ambapo barabara ya Murusagamba ilikuwa haipitiki na watu walikuwa watano. Nilipomuuliza alisema wakubwa wakiona watano watakifunga chama. "Basi ni uongo," nilisema, kwa unyenyekevu wote niliokuwa nao. Akajibu, "Ni uongo wa mahudhurio." Kana kwamba kuna rafu ya uongo wa mahudhurio na rafu nyingine ya uongo wa kweli. Nililitafakari jibu hilo wiki nzima. Nilitaka kujua wangu ungewekwa rafu ipi.

Alikuwa pia na upendeleo, jambo ambalo angelikana. Alipenda wanafunzi wenye hofu. Aliamini mtu mwoga hamwui mgonjwa kwa haraka. Nadhani ndiyo maana alinipenda. Alikosea hapo, na sijui kama nina haki ya kusema hivyo mimi.

Vita vilipoanza kule kaskazini, malori ya jeshi yalipita Lusahunga mchana kutwa, na yalipokwisha ya askari yakaja yaliyobeba watu waliokimbia makwao na magodoro yao. Wauguzi wenye vyeti walichukuliwa kwenda kuhudumia majeruhi. Zahanati nyingine zikabaki na mfagizi na kabati lililofungwa. Ukaja waraka kwamba wanafunzi wa mwaka wa mwisho wapelekwe zahanati mara moja, mradi vitabu vyao vya vitendo vimekamilika. Vyetu havikuwa vimekamilika. Chama kilikutana, wakabishana siku nzima, na mwisho wakakubaliana kwamba kwa kipindi cha vita tu, kazi ambayo mwalimu hakuiona, mwanafunzi ataulizwa, na neno lake litatosha.

Katibu ndiye aliyepinga mpaka mwisho. Kisha ndiye aliyeandika uamuzi huo, na kesho yake mchana akatuita mmoja mmoja ofisini. Tulikuwa kumi na mmoja. Mimi nilikuwa wa mwisho.

Alipekua kitabu changu polepole. "Kutoa kondo la nyuma kwa mkono. Hapa pako wazi. Umefanya?"

"Nimefanya, Mwalimu."

"Lini?"

"Jumapili, ulipokuwa Lusahunga unawafundisha mgambo huduma ya kwanza. Sista wa zamu alikuwepo."

"Mkono ulikuwa wako?"

"Wangu."

Mkono ulikuwa wa Sista. Mimi nilishika bakuli. Niliona kila kitu, na usiku wake nilikuwa nimejisadikisha kwamba aliyeona kwa makini amefanya nusu, na kwamba nusu nyingine ningeijaza huko niendako. Tena ni jambo linalotokea mara chache. Huenda lisingenitokea kabisa. Wenzangu kumi walikuwa wamekwisha kufunga masanduku. Niliogopa kubaki. Hiyo ndiyo sababu yenyewe, hayo mengine niliyatengeneza.

Alinitazama, akatia saini.

Wiki ya tatu ya kazi yangu katika zahanati ya Murusagamba, upande wa Ngara, waliniletea mama kwa machela. Alikuwa amejifungua nyumbani alfajiri, mtoto mzima, lakini kondo halikutoka, na jua lilikuwa limekwisha kupanda walipofika. Alikuwa akitokwa na damu, lakini alikuwa akisema. Aliniuliza kama mtoto amefunikwa. Nilijua la kufanya. Ningeweza kuandika hatua zote na kupata maksi zote. Nilinawa mikono. Nikaona pengine sikunawa vizuri, nikanawa tena. Nikakumbuka hatari ya kuingiza uchafu, nikanawa mara ya tatu, mpaka mhudumu akasema, "Dada, maji yamekwisha." Nilipogeuka mama alikuwa haulizi tena kitu. Katika ripoti niliandika kwamba jitihada za kutoa kondo zilifanyika bila mafanikio.

Ripoti ilimfikia Katibu kama zilivyomfikia zote za wanafunzi wake. Katika daftari la chama, kikao kilichofuata, ameandika kwa mkono wake: Nilitia saini kazi ambayo sikuiona. Mama mmoja amekufa.

Vita viliisha. Dawa na sabuni zikaadimika kuliko wakati wa vita. Nilipelekwa masomoni, nikarudi na stashahada ya ualimu wa uuguzi na suti moja ya kijani, nikawa mwanachama wa tisa, mdogo kuliko wote. Kikao changu cha kwanza, zamu ilipomfikia Katibu, alisimama akasema maneno yaleyale: alitia saini kazi asiyoiona, mama mmoja akafa. Kikao cha pili, vilevile. Yeye aliyekataza kurudia kosa la zamani alilirudia lilelile kila baada ya miezi mitatu, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha sheria yake. Nami zamu yangu ilipofika nilisema nimeandika ubaoni herufi ndogo mno. Kikao kingine nikasema nimechelewa kipindi. Aliyaandika makosa yangu kwa uangalifu kana kwamba yalikuwa makosa.

Nilipanga kumwambia mara nyingi. Nilijiuliza kama nikisema nitamtua mzigo au nitamwongezea mwingine, kwa kuwa atajua kwamba alidanganywa na mwanafunzi aliyempenda. Nilijiuliza kama nataka kusema kwa ajili yake au ili nilale. Wakati nikijiuliza, miguu yake ilianza kuvimba, pumzi ikawa fupi, akastaafu, akahamia kwa mdogo wake Kibimba, upande wa Ngara. Chama kikabaki na watu wanne ambao hawakujua kuandika tisa.

Mwaka jana, masika yalipokwisha, nilisikia kwamba hali yake si nzuri. Nikaenda. Nilimkuta kwenye kiti cha kamba nje ya jiko, miguu kaiweka juu ya gunia la maharage, akimfokea mdogo wake kwa chumvi nyingi ambayo mwenyewe alikatazwa kuila. Tuliongea habari za barabara. Tuliongea habari za chama. Mdogo wake alipokwenda kuchota maji nikasema yote kwa mkupuo, Jumapili ile, bakuli, Sista, maji ya kunawa, ripoti.

Hakushtuka. "Sista aliniambia wiki ileile uliyoondoka," alisema.

Sikuelewa. Akarudia. Sista alimwambia kwamba mimi nilishika bakuli tu. Siku mbili baadaye kulikuwa na lori la kwenda Ngara, nafasi ipo, na dereva alimfahamu. "Ningekuja nikurudishe. Au ningekaa nawe mpaka apatikane mgonjwa. Nikasema, huyu ni mwoga, ana akili, atajifunza. Na nikaona haya kurudi chamani kusema wa kwanza kudanganywa ni mimi."

"Lakini vikaoni ulisema..."

"Nilisema nilitia saini nisichokiona. Hilo ni dogo. Lile kubwa sikulisema. Kwa hiyo na mimi nilikuwa nasimama pale na kosa langu la chaki, kama wewe."

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa hata nimeanza kuhisi wepesi fulani, ndipo aliponiuliza, "Mumewe ulimwambia nini?"

Nilikuwa nimeacha hilo. Siku ile nilitoka nje ya zahanati, mikono yangu safi kabisa, naye akasimama. "Nilimwambia mmechelewa," nilisema.

Katibu aliishusha miguu kutoka kwenye gunia, mmoja baada ya mwingine. "Yupo hai?"

"Nasikia yupo."

"Kesho tunakwenda."

Nilimwambia nitamwandikia barua. Akasema barua atasomewa na mwenyekiti wa kijiji mbele ya watu. Nikasema basi nitakwenda mwenyewe, yeye apumzike, hali yake hairuhusu. Akanitazama kwa yale macho ya wodini.

"Binti yangu, siku ile uliniambia umefanya, nikaamini. Safari hii nataka kuona."

Mdogo wake alilia, akamtukana, akamfungia ndizi za kuchoma. Tulipanda lori la wanunuzi wa maharage mpaka lilipoishia, na hapo nikaazima baiskeli, nikampakia kwenye kerea na kuisukuma. Barabara ilikuwa mifereji mitupu. Kila tulipopita shimo alishika bega langu na kusema, "Unasukuma kama umeiiba." Mlimani aliomba tusimame, akapumua muda mrefu na midomo yake imebadilika rangi, na mimi nikawaza jinsi nitakavyoeleza kwamba nimewaua wawili.

Tulimkuta yule mwanamume uani kwake, anamenya muhogo. Nyumba yake ilikuwa na dalili zote za mtu anayeishi peke yake: sufuria moja, kigoda kimoja. Alinitambua kabla sijafika. Alitusalimu kwa Kihangaza, lugha ya huko, akampa Katibu kigoda, mimi akanitandikia gunia.

Nilianza. Nilisema kwamba kuhusu tukio lile kulikuwa na mapungufu katika utoaji wa huduma. Katibu akanikatiza. "Sema upya. Umesema kama waraka."

Nikasema, "Hamkuchelewa. Alifika akiwa anasema. Kulikuwa na muda. Niliogopa, sikumgusa. Halafu nikakwambia mmechelewa."

Kisu kilisimama. Katibu naye akasema lake kwa Kihangaza, kwa maneno machache. Nilielewa neno moja moja, lori, na kujua.

Yule mwanamume aliuweka muhogo chini. Hakukasirika kama nilivyotarajia, na nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Alisema kwamba asubuhi ile kabla ya kutafuta wa kubeba machela alipita kwanza shamba la kijiji, jina lake liandikwe, asije akasemwa mtoro. Haukuwa muda mrefu. Lakini mimi niliposema mmechelewa, waliobeba machela walisikia, na jioni kijiji kizima kilikuwa kinajua. Siku ya tatu ya msiba baba mkwe wake alikuja akachukua watoto wote wawili, binti mkubwa na yule mchanga.

"Mzee amekwisha kufa," alisema. "Amekufa akisema mimi ndiye niliyemuua. Na mimi nilikubali. Nilikuwa nahesabu hatua za kutoka shambani mpaka hapa."

Katibu alimwambia kwamba jambo hili hawakulisahau, kwamba wao walimu wana kikao, na humo lilisemwa kila mara kwa miaka.

"Kikao kiko wapi?"

"Biharamulo."

"Mbali," alisema yule mwanamume.

Ni mara ya kwanza nilimwona Katibu ametafuta kosa akalikuta kwake mwenyewe lote, na hakuwa na daftari la kuliandika.

Kisha yule mwanamume akaonyesha kwa kisu ng'ambo ya bonde, kwenye migomba na paa la bati. Binti yake yule wa kwanza alikuwa kule kwa bibi yake, sasa msichana mkubwa. Wakikutana njiani hupita kando asimsalimie. "Mwambieni yeye," alisema. "Mimi nikimwambia ataona najitetea."

Tukatoka wote watatu, yeye akisukuma baiskeli. Alikuwa anasukuma vizuri kuliko mimi, na Katibu hakusema kitu. Bondeni njia ikawa nyembamba, haiwezi tena kupitisha baiskeli yenye mtu. Yule mwanamume akasimama. "Nikifika na mimi hatafungua mlango," alisema. Katibu alijaribu kushuka, akashindwa, akajaribu tena, kisha akamwomba amketishe kwenye ukingo wa shamba, mahali panapoonekana mlango ule.

"Tangulia," aliniambia. "Hapa naona."

Nikapanda peke yangu. Nilipofika kwenye migomba niligeuka mara moja. Walikuwa wameketi bega kwa bega, nyuso zao zote mbili zimeinuka kunielekea. Ndani ya nyumba mtu alikuwa anatwanga. Nikapiga hodi, na mtwangio ukanyamaza.